Mtoto wa Taita Taveta Apimwe Damu Kabla ya Homa ya Kwanza

Anayetoka Voi kwenda Wundanyi huanza safari akipangusa jasho na kuimaliza akitafuta sweta. Voi iko takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari, kwenye nyika kavu inayopakana na Tsavo. Wundanyi imeketi juu zaidi ya mara mbili ya hapo, na kilele cha Vuria kinafika mita 2,208. Kwa matatu ni mwendo wa saa moja hivi, kupitia Mwatate na mashamba yake ya mkonge. Kwa kimelea cha malaria, mwendo huo unavuka mpaka. Plasmodium falciparum, aina ya malaria inayoua watu wengi zaidi Afrika, haina budi kukomaa ndani ya mbu kabla ya kumwambukiza mtu, na baridi ikishuka chini ya nyuzi 16 hadi 18 haikomai. Mbu hufa kabla kimelea hakijawa tayari.

Ndiyo maana kaunti moja ina historia mbili za homa. Milimani malaria ilipita kwa msimu. Taveta, penye chemchemi za Njoro, mto Lumi, Ziwa Jipe na mifereji ya kunyweshea migomba, haikuondoka. Historia hiyo imeacha alama ndani ya damu ya watu, na kwa sababu ya alama hiyo kaunti hii inapaswa kuchukua hatua moja iliyo wazi na isiyo ghali: kumpima kila mtoto mchanga ugonjwa wa selimundu, awe amezaliwa Taveta, Voi, Mwatate au juu milimani.

Uhusiano wa selimundu na malaria uligunduliwa hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1949 Anthony Allison, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oxford aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alijiunga na msafara wa chuo hicho kuelekea Mlima Kenya. Wenzake walikusanya mimea na wadudu. Yeye alikusanya damu ya watu wa jamii mbalimbali. Katika baadhi ya jamii za Pwani na za kando ya Ziwa Victoria, alikuta zaidi ya mtu 1 katika kila 5 akiwa na jeni ya selimundu. Kwenye nyanda za juu zisizo na malaria, waliokuwa nayo hawakufika hata mtu 1 katika kila 100.

Tofauti hiyo ilikuwa kitendawili. Jeni inayoua watoto kabla hawajazaa ingetarajiwa kufifia kizazi baada ya kizazi, sasa kwa nini ilishamiri palipojaa mbu? Allison alirudi kufanya utafiti Kenya na Uganda, na mwaka 1954 akachapisha jibu katika jarida la British Medical Journal: aliyerithi nakala moja tu ya jeni hiyo hupata kinga dhidi ya malaria kali. Mbu alikuwa akiua wasio nayo, na waliokuwa na nakala moja wakabaki kuzaa.

Siri ya kinga hiyo imo ndani ya seli nyekundu ya damu. Uboho wa mifupa hutengeneza seli hizo zaidi ya milioni 2 kila sekunde, na kila seli huishi siku 120 hivi. Haina kiini. Imejazwa himoglobini, molekuli milioni 270 hivi katika seli moja, na kazi ya protini hiyo ni kupokea oksijeni mapafuni na kuiachia kwenye ubongo, misuli na kila kiungo kinachoihitaji. Maelekezo ya kutengeneza sehemu mojawapo ya himoglobini yamo katika jeni iliyo kwenye kromosomu ya 11. Selimundu huletwa na badiliko la herufi moja tu katika jeni hiyo, kati ya herufi bilioni 3 za DNA ya binadamu: palipostahili kuwa na A pamekaa T.

Herufi hiyo moja hubadilisha asidi-amino moja kwenye himoglobini. Iliyoondoka hupenda maji, iliyoingia huyakwepa. Seli ikiwa na oksijeni ya kutosha, kasoro haionekani. Oksijeni ikishuka, molekuli za himoglobini hushikana na kujipanga katika nyuzi ndefu ngumu, na seli iliyokuwa laini hupinda mithili ya mundu. Seli ya namna hiyo haipenyi kwenye mishipa midogo. Hukwama, huzuia damu iliyo nyuma yake, kisha hupasuka ikiwa imeishi siku 10 au 20 badala ya 120. Uboho hufanya kazi usiku na mchana na bado haufidii hasara. Mtoto hupungukiwa damu, na mabaki ya seli zilizopasuka huyageuza macho yake kuwa ya manjano.

Haya yote humpata mwenye nakala mbili za jeni, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mwenye nakala moja ana himoglobini ya kawaida ya kutosha. Hulima, hucheza mpira, huzaa na kuzeeka bila kujua ana nini. Kimelea cha malaria kikiingia katika seli yake na kuanza kumaliza oksijeni, seli hupinda na wengu huiondoa mwilini pamoja na mgeni wake. Utafiti uliofanywa Kilifi na kituo cha KEMRI na Wellcome Trust umeonyesha kwamba nakala moja hupunguza hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 90. Ni vigumu kutaja kinga nyingine ya kurithi yenye nguvu kiasi hicho.

Lakini kinga ya mzazi haimfikii mtoto mgonjwa. Wapo waliosikia kwamba selimundu huzuia malaria, wakadhani mtoto mwenye ugonjwa huo hana haja ya kulala ndani ya chandarua. Mwaka 2010 watafiti wa Kilifi walionyesha kinyume chake: mtoto mwenye nakala mbili akilazwa kwa malaria, uwezekano wake wa kufa ni mkubwa kuliko wa watoto wengine. Damu yake ilikuwa tayari haba, na kimelea kinakuja kumalizia kilichobaki.

Selimundu si jeni pekee iliyoachwa na malaria katika damu ya watu wa Pwani. Zaidi ya nusu ya watu wa eneo la Kilifi wana jeni ya alfa-thalasemia, ambayo nayo hupunguza malaria kali. Mwaka 2005 timu ya mtafiti Thomas Williams ilitangaza jambo ambalo halikutarajiwa: mtu akirithi alfa-thalasemia pamoja na nakala moja ya selimundu, kinga hizo mbili hazijumlishwi, bali hufutana. Mwaka 2020 mtafiti Mkenya Silvia Kariuki na wenzake walieleza katika jarida la Nature jinsi kundi la damu liitwalo Dantu linavyokaza utando wa seli nyekundu hadi kimelea kinashindwa kupenya. Maarifa haya yamechimbwa kutoka damu ya watoto wa ukanda huu wa Pwani. Ni haki watoto wa ukanda huo huo wawe wa kwanza kunufaika nayo.

Madhara mengine ya kutopima hayaonekani kwenye darubini. Mwaka 2011 watafiti waliofanya kazi na familia za Kilifi zenye watoto wa selimundu walieleza jinsi lawama zinavyomwangukia mama. Ndugu wa mume husema ukoo wake una mkosi, mume huambiwa atafute mke mwingine, na pesa za hospitali huishia kwa mganga. Biolojia haiungi mkono lawama hizo hata chembe. Mtoto hawezi kuugua bila kupokea nakala kutoka pande zote mbili. Kila ujauzito wa wazazi wawili wenye nakala moja moja ni sawa na kurusha sarafu mbili: mara moja kati ya nne zote huangukia upande mbaya, na sarafu hazikumbuki zilivyoanguka mara iliyopita. Wazazi waliojaliwa watoto watatu wazima hawajamaliza hatari, na waliopata mtoto mgonjwa hawajahakikishiwa kwamba watatu wanaofuata watakuwa salama.

Lawama hupata nafasi kwa sababu ugonjwa hauonekani siku ya kuzaliwa. Mtoto huja duniani na himoglobini ya tumboni, ambayo haipindi, na humlinda kwa miezi kadhaa. Karibu na mwezi wa sita himoglobini hiyo imepungua, na dalili huanza. Viganja na nyayo huvimba kwa sababu mifupa midogo imekosa damu. Mtoto hulia usiku kucha na mama haoni jeraha. Wakati huo huo wengu, ambao kazi yake nyingine ni kuwakamata bakteria walioingia kwenye damu, huzibwa na seli zilizopinda na kuanza kufa. Mtoto hubaki bila mlinzi. Watafiti wa Kilifi walipima hatari hiyo mwaka 2009: maambukizi ya bakteria kwenye damu yalikuwa mara 26 zaidi kwa watoto wa selimundu kuliko kwa wenzao.

Wengi hufa hapo, katika miaka miwili au mitatu ya kwanza, na familia huambiwa ni nimonia, au malaria, au homa iliyopanda kichwani. Jina la selimundu halitajwi kwa kuwa hakuna aliyepima.

Wanaovuka hukutana na ugonjwa kiungo kwa kiungo. Mshipa wa ubongo ukiziba, mtoto wa miaka sita hupata kiharusi. Mapafu yakiziba, hushindwa kupumua. Figo hupoteza uwezo wa kubana maji, kwa hiyo mtoto hukojoa mara nyingi, hukojoa kitandani hata akiwa mkubwa, na huishiwa maji mwilini haraka. Mfupa wa nyonga hukosa damu na kulika. Viungo hivyo vyote hutegemea mishipa ile ile, na ndiyo maana herufi moja ya jeni humtesa mtu kuanzia macho hadi kifundo cha mguu.

Je, kupima kunabadilisha nini, ikiwa jeni yenyewe haiondoki? Kunabadilisha mengi. Utafiti wa Sophie Uyoga na wenzake, uliochapishwa mwaka 2019, uliwafuatilia watoto zaidi ya 15,000 wa Kilifi tangu uchanga. Takriban mtoto mmoja katika kila 120 alikuwa na selimundu, na kasi yao ya kufa ilikuwa zaidi ya mara 20 ya wenzao. Dawa zinazoweza kuziba pengo hilo si ngeni. Huko Marekani, mwaka 1986, ilithibitishwa kwamba penisilini ya kila siku kwa watoto wadogo hupunguza maambukizi ya bakteria wa nimokoki kwa asilimia 84. Ni dawa ya zamani na bei yake ni nafuu, lakini humfaa aliyejulikana mapema. Anayegunduliwa akiwa na miaka minne amekwisha kupita kipindi cha hatari kubwa kwa bahati tu.

Dawa ya pili ni haidroksiyurea, inayouamsha mwili utengeneze tena ile himoglobini ya tumboni isiyopinda. Kwa miaka mingi madaktari waliogopa kuitumia Afrika wakidhani ingewaongezea watoto malaria. Jaribio lililoitwa REACH, lililofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda kwa watoto 606, liliondoa hofu hiyo mwaka 2019. Maumivu makali yalipungua kwa zaidi ya nusu, kuongezewa damu kulipungua kwa theluthi mbili, malaria ilishuka kwa nusu, na vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kurekebisha jeni mwishoni mwa 2023, lakini Marekani bei yake ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mtoto wa Taveta hawezi kuingoja. Penisilini na haidroksiyurea zipo leo.

Taveta yenyewe imewahi kuuonyesha ulimwengu kinachotokea afya ya damu inaposhughulikiwa kwa dhati. Kuanzia mwaka 1955 hadi 1959, nyumba za Taveta na za Upare ng'ambo ya mpaka zilipuliziwa dawa ya dieldrini katika mradi wa malaria wa Pare na Taveta. Mbu walipungua, vifo vya watoto wachanga vikashuka, na vipimo vya himoglobini vikapanda kwa watu wa kila rika. Kisha upuliziaji ukasimama. Malaria ikarudi taratibu, kwa sababu ulikuwa mradi wenye tarehe ya mwisho na haukuwa huduma ya kudumu. Wanaopanga afya ya kaunti leo wasirudie kosa hilo kwa kufanya kampeni ya siku moja kila Juni 19, Siku ya Selimundu Duniani, halafu mwaka mzima ukapita kimya.

Njia ya kudumu ipo tayari, nayo ni kliniki ya chanjo. Karibu kila mtoto hupelekwa huko akiwa na wiki sita. Vipimo vya haraka vinavyohitaji tone moja la damu ya kisigino au kidole hutoa jibu kwa dakika kumi hivi, havihitaji mashine wala umeme, na bei yake ni dola chache. Muuguzi wa zahanati anaweza kuvitumia baada ya mafunzo mafupi. Mtoto akionekana kuwa na ugonjwa, damu yake ithibitishwe katika hospitali kubwa, iwe ya rufaa iliyoko Voi au nyingine, na penisilini ianze kabla ya mwezi wa nne. Wahudumu wa afya ya jamii ambao Kenya iliwatuma vijijini kuanzia Septemba 2023 wapewe jukumu la kumfuatilia nyumbani, kwa sababu dawa ya kila siku huachwa upesi mtoto anapoonekana mzima.

Wapo watakaosema upimaji uanzie na kuishia Taveta na sehemu za chini, palipo na historia ya malaria. Hoja hiyo ina mantiki ya ramani, lakini watu hawakai kwenye ramani. Voi ni mji wa reli tangu mwisho wa karne ya 19, na leo una stesheni ya SGR na barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Wameingia watu wa Nyanza, wa Magharibi, wa Kilifi na wa Kwale, wakaoa na kuolewa, wakajenga hadi Mwatate na Wundanyi. Jeni hufuata alikozaliwa bibi na babu. Mtoto aliyezaliwa kwenye ubaridi wa Wesu huko milimani anaweza kuwa amerithi herufi iliyotoka kando ya Ziwa Victoria na nyingine iliyotoka Ziwa Jipe. Kumchagua wa kupimwa kwa kuangalia kabila au kata kutawaacha watoto hao gizani.

Wengine watapendekeza wachumba wapimwe kabla ya ndoa, basi. Ni jambo jema kwa anayependa kujua, lakini haliwezi kuwa badala ya kupima watoto, kwa kuwa watoto wengi huja kabla ya harusi na wachumba wengi hawaachani kwa sababu ya karatasi ya maabara. Ipo pia hofu ya siri za nyumbani. Majibu ya damu yanaweza kuzua maswali kuhusu nani baba wa mtoto. Hofu hiyo ni ya kweli, na tiba yake ni utaratibu: majibu ya mtoto yatolewe faraghani, mshauri awepo, na baba asilazimishwe kupimwa ili mtoto apate dawa.

Shule nazo zina sehemu yao, na haihitaji shilingi hata moja. Joto la Voi humkausha mtoto ambaye figo zake haziwezi kuhifadhi maji. Baridi ya Juni na Julai huko milimani hubana mishipa na kuleta maumivu. Mwalimu anayejua hayo atamruhusu mwanafunzi kuwa na chupa ya maji darasani na kwenda msalani bila kuomba mara mbili. Atamruhusu kuvaa sweta ya pili juu ya sare. Matroni wa bweni hatamchapa wala kumwaibisha aliyekojoa kitandani. Mwalimu wa michezo atamwacha apumzike anapochoka.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 340,671 katika Taita Taveta. Hiyo si kaunti kubwa, na watoto wanaozaliwa kwa mwaka ni wachache kiasi kwamba kumpima kila mmoja ni kazi inayowezekana kabisa. Wawakilishi wa wadi wanapokaa kujadili bajeti ijayo ya afya, waweke fungu lenye jina lake: vipimo vya selimundu kwa watoto wachanga, penisilini na haidroksiyurea katika kila kaunti ndogo. Na mzazi asisubiri bajeti. Mwenye mtoto ambaye macho yake ni ya manjano, ambaye mikono na miguu yake huvimba, au ambaye ameongezewa damu zaidi ya mara moja, aende hospitali iliyo karibu na aombe kipimo cha selimundu kwa kukitaja kwa jina.